Jina Lake Si Anna

Wiki mbili kabla ya tarehe 8 Machi nilipewa kazi katika kikundi chetu cha vijana: niandae maelezo ya nusu saa juu ya mwanamke wa historia. Mnajua wenyewe Siku ya Wanawake inavyokuwa hapa kambini. Kuna ngoma, kuna vitenge vya sare, kuna hotuba, halafu yanatajwa majina yale yale ya kila mwaka. Si kwamba majina hayo ni mabaya, hapana. Lakini nilitaka safari hii nilete mwanamke ambaye binti wa zoni yetu akimsikia atasema, kumbe huyu ni wa kwetu.

Nilimpata. Anaitwa Augusta Chiwy. Alizaliwa tarehe 3 Juni 1921 katika kijiji cha Mubavu, Burundi, na mama yake alikuwa Mkongomani. Sasa fikirini: kambi hii ni ya Wakongomani na Warundi. Tunagombania foleni ya maji, tunagombania kuni, kila upande unasema mwenzake anapendelewa. Na hapo yupo mtu aliyekuwa wetu sote, muuguzi aliyehudumia majeruhi katika moja ya mapigano makali ya Vita vya Pili vya Dunia. Nilipouliza katika kikundi nani amewahi kulisikia jina lake, hakuna mkono hata mmoja ulioinuka. Hata mimi nisingeinua.

Basi naandika hapa yale niliyowaambia vijana, pamoja na maswali waliyoniuliza, maana maswali yao yaliniingia zaidi kuliko maelezo yangu.

Kwanza tujue Mbelgiji alifikaje Mubavu

Kijana mmoja aliniuliza mapema kabisa: baba yake Augusta alikuwa mzungu wa Ubelgiji, sasa alifuata nini Burundi? Swali zuri, na jibu lake linapita karibu na hapa tunapoishi.

Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Burundi, Rwanda na Tanganyika zilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji. Mwaka 1916 jeshi la Kongo, lile la Force Publique, lilivuka mpaka kuja kupigana na Wajerumani. Maofisa walikuwa wazungu, lakini askari walikuwa watu wetu, na nyuma yao walikuwapo wapagazi wengi sana waliobeba chakula na risasi kwa kichwa na mabega. Waliingia Kigali, wakaingia Kitega, na mwezi wa Julai wakauchukua mji wa Kigoma. Mwezi wa Septemba wakafika Tabora. Kwa hiyo mkisikia Kigoma, msifikiri tu ofisi za mkoa na samaki wa ziwani. Wakongomani walishapita hapa wakiwa na bunduki begani, miaka themanini kabla kambi ya Nyarugusu haijafunguliwa mwaka 1996.

Vita vilipokwisha, wakubwa wakagawana. Tanganyika ikaenda kwa Mwingereza. Rwanda na Burundi zikapewa Ubelgiji, zikaitwa Ruanda-Urundi. Hapo ndipo Wabelgiji walipoleta watu wao: mapadri, maofisa, wapima ardhi, waganga wa mifugo. Henri Chiwy, baba yake Augusta, alikuwa mganga wa mifugo kutoka mji mdogo unaoitwa Bastogne, kusini-mashariki mwa Ubelgiji. Ndiyo sababu ng'ombe wa Burundi na mji wa Bastogne wanaingia katika hadithi moja.

Chotara katika dunia ya wakoloni

Augusta alikuwa chotara. Leo ukisema chotara watu wanafikiria nywele nzuri. Wakati ule lilikuwa jambo zito. Serikali ya Wabelgiji haikutaka watoto wa namna hiyo waonekane wakilelewa kijijini na mama zao, kwa sababu walikuwa ushahidi unaotembea kwamba wazungu na weusi hawakutengana kama sheria ilivyotaka. Watoto wengi chotara wa Kongo, Rwanda na Burundi walichukuliwa kwa mama zao wakapelekwa kwenye misheni. Save, kule Rwanda, palikuwa mahali pamoja pa kuwakusanyia. Ilichukua mpaka Aprili 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji kuomba msamaha kwa niaba ya nchi yake. Na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliwapa haki wanawake watano waliokuwa wamechukuliwa hivyo utotoni Kongo, ikasema ule ulikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Wanawake hao walikuwa tayari bibi vizee.

Augusta yeye alipelekwa Ubelgiji akiwa na miaka tisa. Alikulia Bastogne, katika baridi, kati ya watu ambao karibu wote walikuwa weupe. Habari zote nilizozisoma mimi zinampa baba jina, kazi na mji. Mama zinamwita "Mkongomani," basi, zinaendelea. Mama mmoja mzee aliyekuwa amekaa pembeni akitusikiliza alisema kwa sauti: "Na huyo mama aliyemzaa alibaki na nani?" Hakuna aliyemjibu. Nimelibeba swali hilo mpaka leo.

Kwenda nyumbani kwa Noeli

Mwaka 1940, Wajerumani wakiwa wameshaivamia Ubelgiji, Augusta alikwenda mji wa Leuven kusomea uuguzi. Alimaliza na kupata cheti mwaka 1943. Alikuwa mfupi sana wa kimo, watu wote wanaomwelezea wanalitaja hilo.

Septemba 1944 majeshi ya Marekani na Uingereza yaliwafukuza Wajerumani sehemu kubwa ya Ubelgiji. Watu wakashangilia, wakadhani vita vimekwisha. Sisi tunaijua hali hiyo. Mnasikia redioni kwamba kumetulia, mnaanza kufunga mizigo kurudi, kumbe bado.

Baba yake alimwomba aje nyumbani wale Noeli pamoja. Tarehe 16 Desemba 1944 Augusta alitoka Leuven kwenda Bastogne. Asubuhi ya siku hiyo hiyo Wajerumani walianza shambulio kubwa la ghafla katika misitu ya Ardennes, upande ule ule aliokuwa anaelekea. Yaani yeye anasafiri kwenda kula sikukuu na baba, na vifaru vinasafiri kwenda mji ule ule.

Kwa nini Bastogne? Kwa sababu ya barabara. Mji ulikuwa mdogo, lakini barabara kuu za eneo lile zilikutana hapo, na katika misitu na theluji vifaru haviwezi kupita popote tu. Anayeshika Bastogne anashika njia. Wamarekani wakaingiza haraka askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 na sehemu ya Divisheni ya 10 ya vifaru. Kufikia tarehe 21 Wajerumani walikuwa wameuzunguka mji pande zote. Tarehe 22 waliwataka Wamarekani wajisalimishe, jenerali wao, McAuliffe, akakataa.

Ndani ya mji uliozungukwa walikuwamo pia raia, waliojificha kwenye vyumba vya chini ya nyumba. Augusta na baba yake walikuwa miongoni mwao. Ndugu wa baba yake alikuwa daktari pale mjini, naye Augusta akaanza kusaidia wenye majeraha.

Daktari bila dawa

Sasa nieleze shida ya matibabu, maana bila hiyo hamtaelewa kazi aliyoifanya.

Usiku wa tarehe 19 Desemba Wajerumani waliiteka hospitali ya uwanjani ya Divisheni ya 101, pamoja na madaktari na vifaa vyake. Kwa hiyo mji ulibaki na majeruhi wengi na madaktari wachache. Mmoja wao alikuwa daktari kijana wa kikosi cha vifaru, John Prior. Alifungua kituo cha huduma ya kwanza katika jengo moja barabara ya Neufchâteau. Kiliitwa kituo cha huduma ya kwanza, lakini huduma ya kwanza maana yake ni kumfunga mtu bandeji na kumpeleka hospitali. Hapa hospitali ya kumpeleka haikuwepo. Majeruhi waliingia, hawakutoka. Wakafika kama mia moja, wengine wamelala chini, hali mahututi, na daktari hakuwa amesomea upasuaji mkubwa. Dawa za maumivu zilikuwa karibu zinaisha, bandeji pia. Inasimuliwa kwamba walifika mahali pa kumkata mtu kiungo kilichooza kwa kisu cha jeshi, na dawa ya ganzi ikawa ni pombe ya konyaki.

Tarehe 21 daktari Prior alisikia kwamba kuna wauguzi wawili raia mjini. Aliwaendea akawaomba. Wa kwanza alikuwa Renée Lemaire, mwenyeji wa Bastogne, miaka 30. Wa pili alikuwa Augusta, miaka 23. Wote wawili walikubali. Hawakuwa wanajeshi. Hawakuwa na mkataba. Wangeweza kabisa kubaki chini ya nyumba na familia zao, na hakuna mtu angewalaumu.

Daktari mwenyewe alikuja kuandika baadaye jinsi kazi ilivyogawanyika. Renée alishindwa kuvumilia majeraha mabichi, kwa hiyo alizunguka kati ya wagonjwa waliolala, akiwaosha, akiwalisha, akiwagawia dawa kidogo iliyokuwepo. Augusta alikuwa pale pale damu inapotoka: kufunga mifupa iliyovunjika, kufunga vidonda, kuzuia damu isiendelee kumwagika. Kazi zote mbili ni uuguzi. Lakini mjue nani alikuwa wapi.

Nguo zake zililowa damu mpaka zikawa hazifai, akavaa sare ya jeshi la Marekani. Hilo nalo lilikuwa hatari, kwa sababu raia akikamatwa amevaa sare ya jeshi, adui hamwoni tena kama raia. Inasimuliwa pia kwamba alitoka na daktari mpaka Mardasson, nje ya mji, kuwaokota majeruhi kwenye theluji risasi zikipigwa.

"Kwa nini aendelee kuwahudumia?"

Jeshi la Marekani wakati ule lilitenganisha weusi na weupe. Wauguzi weusi walikuwa wachache sana, na kwa utaratibu wa jeshi hawakutakiwa kuwahudumia askari weupe. Ilikuwa mpaka Julai 1948 rais Truman alipoamuru ubaguzi huo uondolewe jeshini. Kwa hiyo pale Bastogne baadhi ya askari, wamelala wanatokwa damu, walikataa kuguswa na mwanamke mweusi. Daktari Prior aliwaambia, kwa maana yake, kwamba wachague: ahudumie huyu au wafe.

Nilipofika hapo kikundi kiliwaka.

Kijana mmoja alisimama akasema: "Mimi ningewaacha. Mtu anakudharau, wewe unamfunga kidonda? Huo si wema, huo ni ujinga." Mwingine akaongeza kwamba hata Wabelgiji wenyewe walikuwa wakimtawala mama yake kwa kiboko, sasa yeye anatoa jasho kwa ajili ya nani? Vijana wakapiga makofi. Nami nikakaa kimya, maana kwa kweli sikuwa na jibu lililopangwa.

Aliyejibu ni binti mmoja wa kikundi ambaye kawaida haongei. Yeye anafanya kazi ya insentivu kwenye kituo cha afya, kazi za kupima joto, kuandika kadi, kumshika mama anapojifungua. Alisema: "Yaya, mimi imenikuta." Akasimulia kwamba zamu moja ya usiku alikuja mama mgonjwa kutoka upande wa pili, yaani si wa taifa lake, akamwangalia akasema hataki huyu, aletwe mtu wa kwao. Usiku ule mtu wa kwao hakuwepo. "Nililia kwanza huko nje," alisema, "halafu nikarudi nikamhudumia. Si kwa sababu nampenda. Alikuwa anatokwa damu. Ningemwacha, ningekuwa na maneno gani ya kujitetea?"

Kikundi kikanyamaza. Yule kijana aliyesema ujinga aliangalia chini.

Sisemi kwamba hoja ya kijana haina uzito. Ina uzito. Kila siku watu wanyonge wanaambiwa wavumilie, wasamehe, watumike, na wanaowaambia hivyo wamekaa kwenye kiti. Lakini nimefikiri sana juu ya maneno ya yule binti, na naona kitu kimoja. Augusta hakuwaomba wale askari wampende. Hakuwabembeleza. Alikuwa na ujuzi aliousomea miaka mitatu, na ujuzi ule ulikuwa wake. Askari angeweza kuikataa mikono yake, hakuweza kumwondolea alichokijua. Aliposhika damu isitoke, yeye ndiye aliyekuwa na nguvu katika chumba kile.

Usiku wa mkesha

Tarehe 23 Desemba anga ilifunguka, ndege za Marekani zikadondosha chakula, risasi na dawa kwa miavuli. Lakini anga inayofunguka kwa rafiki inafunguka pia kwa adui. Usiku wa tarehe 24, mkesha wa Noeli, ndege za Wajerumani zilipiga mji. Bomu likaanguka juu ya kituo cha barabara ya Neufchâteau. Jengo likaporomoka na kuwaka moto, majeruhi wakiwa ndani.

Renée Lemaire alikufa pale pamoja na askari wengi aliokuwa akiwauguza. Inasimuliwa kwamba alikuwa ametamani kupata kitambaa cha mwavuli mmoja ashonee gauni la arusi. Daktari aliufunga mwili wake kwa mwavuli mweupe, akaurudisha kwa wazazi wake.

Augusta wakati ule alikuwa na daktari kwenye jengo la jirani. Mlipuko ulimrusha na ukuta, lakini alinyanyuka hai. Akaendelea na kazi. Tarehe 26 vifaru vya jenerali Patton vilifungua njia kutoka kusini, na mji ukawa si kisiwa tena, ingawa mapigano yenyewe katika Ardennes hayakuisha mpaka mwishoni mwa Januari 1945. Wamarekani peke yao walipoteza kama watu 19,000 waliouawa katika vita ile. Augusta alifanya kazi na daktari Prior mpaka kikosi chake kilipoondoka mjini mwezi ule wa Januari.

Miaka 67

Sasa sikilizeni sehemu inayonisumbua.

Renée alikumbukwa. Mjini Bastogne kuna kibao chenye jina lake mahali jengo lilipokuwa. Na ni haki yake kabisa, alikufa akihudumia. Lakini daktari Prior alipoandika kumbukumbu zake miaka mingi baadaye, alimtaja Renée kwa jina lake lote. Augusta alimwandika tu kama msichana mweusi, mzaliwa wa Kongo ya Wabelgiji. Hata mahali pa kuzaliwa si penyewe. Na huyo daktari hakuwa mtu mbaya, ndiye aliyemtetea mbele ya askari, na waliandikiana barua kwa miaka mingi. Ndiyo maana nasema: mtu anaweza kukupenda na bado asiliandike jina lako.

Baada ya hapo wengine wakadhani naye alikufa kwenye lile bomu. Mwaka 2001 Wamarekani walitengeneza filamu ya mfululizo ya televisheni juu ya askari wa Divisheni ya 101. Katika sehemu inayohusu Bastogne yumo muuguzi mweusi, anapita kidogo tu. Wakampa jina Anna.

Yeye mwenyewe alikuwa hai. Alirudi kwenye uuguzi, akafanya kazi hospitalini na watu walioumia uti wa mgongo, akaolewa, akazaa watoto wawili. Juu ya vita hakuzungumza karibu kabisa. Hapa kambini sihitaji kuwaeleza kimya cha namna hiyo. Kila nyumba ina mtu mmoja ambaye ukitaja mwaka fulani anasimama anakwenda kuangalia sufuria.

Mtu aliyemtafuta mpaka akampata ni mwandishi wa historia, Martin King. Alimkuta Augusta katika nyumba ya wazee Ubelgiji, akakaa naye mpaka mambo yakaanza kutoka polepole. Juni 2011 mfalme wa Ubelgiji, Albert wa Pili, alimpa nishani ya heshima. Desemba mwaka huo huo jeshi la Marekani nalo likampa nishani yake, ikakabidhiwa na balozi wa Marekani. Kutoka 1944 mpaka 2011 ni miaka 67. Alikuwa na umri wa miaka 90. Walipomuuliza, alisema kwamba alifanya jambo la kawaida tu, angelifanya kwa mtu yeyote, kwa maana sote ni watoto wa Mungu. Alifariki Brussels tarehe 23 Agosti 2015.

Binti wa kituo cha afya aliuliza swali moja la mwisho: "Alilipwa?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwambia alijitolea. Akasema: "Basi, ndiyo maana walimsahau. Anayelipwa jina lake liko kwenye karatasi."

Daftari

Sijui kama mnasikia uzito wa maneno hayo kama nilivyousikia. Askari ana namba. Daktari wa jeshi ana cheo, ana faili. Augusta hakuwa kwenye orodha yoyote. Hakuna aliyekaa chini kupanga kumfuta. Hakuandikwa tu, na asiyeandikwa anafutika mwenyewe, kama maandishi ya vidole kwenye vumbi. Na akiwa ni mwanamke, akiwa mweusi, akiwa wa nchi mbili na kila nchi inadhani ni wa nyingine, anafutika upesi zaidi.

Kwa hiyo kikundi chetu kimenunua daftari kubwa, lile la kurasa mia mbili. Kila Jumamosi vijana wawili wanakwenda kwa mama au baba mmoja mzee, wakiruhusiwa tu, wanaandika. Tunaandika nani aliwazalisha akina mama porini wakati wa kukimbia. Nani alivusha watoto wasio wake kwenye mtumbwi wakati wa kuvuka Tanganyika. Nani aliwachanja watu, nani aliwabeba wagonjwa wa kipindupindu kabla mashirika hayajafika. Tunaandika jina lote, jina la baba na jina la mama, na kijiji. La mama hatuliruki. Mambo ambayo mtu hataki yasomwe na wengine hatuyaandiki, na daftari halitembezwi ovyo. Mpaka sasa tuna kurasa thelathini na kitu. Wa kwanza tuliyemwendea ni yule mama mzee aliyeuliza juu ya mama wa Augusta. Kumbe yeye mwenyewe alikuwa mkunga wa jadi, na hakuna mtu alikuwa amemuuliza kitu tangu afike hapa.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika mnaosoma kijitabu hiki, tunawaomba jambo dogo. Kwenye ripoti zenu mnaandika idadi ya wafanyakazi wa kujitolea walioshiriki. Idadi ni nzuri kwa mfadhili. Lakini wekeni mahali, hata faili moja ofisini kwenu, majina ya wale binti na vijana wanaoshika damu isitoke usiku wa manane kwa pesa ya insentivu. Siku moja mtu atakuja kuuliza. Asilazimike kutafuta miaka 67.

Siku ile tulipomaliza, yule kijana wa "ujinga" alibaki nyuma kunisaidia kubeba viti. Aliniuliza jina la yule muuguzi linaandikwaje. Nikamwandikia kwenye kiganja kwa kalamu: Chiwy. Akaenda nalo nyumbani ameukunja mkono, lisifutike kwa jasho.